Gari Linalopanda Kinyumenyume

"Mama Ina, usinitazame hivyo, utanitia haya bure," alisema Hamis, huku akimrudishia Rosa fedha zake zilezile, bado zimekunjwa kama alivyozileta. "Noah imeondoka alfajiri. Zote zimeondoka. Zunguka Kasulu nzima, ukipata gari la kukodi hata bovu, njoo unikate sikio."

Ilikuwa Alhamisi, na harusi ilikuwa Jumamosi. Mwaka ule wa 2015 Warundi walikuwa wanavuka mpaka tena kwa maelfu, na mashirika yaliyowahudumia kambini Nyarugusu yalikuwa yamekodi kila kitu chenye magurudumu manne. Rosa hakuweza kuwalaumu wakimbizi. Yeye mwenyewe aliingia nchi hii akiwa mgongoni mwa mama yake, mwaka wa sabini na mbili. Lakini Hamis hakuwa mkimbizi, kwa hiyo alimlaani Hamis kimoyomoyo, kuanzia kofia mpaka kandambili.

"Ungepiga simu basi."

"Nimepiga. Simu ya mzee haipatikani."

Hilo lilikuwa kweli. Nestori akiwa shambani huzima simu, ati inamaliza chaji kwa kukaa tu.

"Mpeleke kwa bodaboda," Hamis akaendelea, akijaribu kufariji. "Siku hizi mabibi harusi wanapanda. Shela linapepea, watu wanapiga picha..."

"Hamis! Shangazi wa bwana harusi kasema gari. Kasema mbele ya watu, na sisi tukaitikia mbele ya watu. Mkamwana wao wa kwanza alifika kwa pikipiki, matope mpaka magotini, na mpaka leo pale Nyakitonto wanamwita Bodaboda. Ana watoto watatu, bado ni Bodaboda. Unataka na wangu aitwe hivyo?"

Hamis alikuna kidevu. Halafu shetani akampitia, akasema, "Lakini si mnalo gari pale kwenu?"

Vijana waliokuwa wakiosha pikipiki uani waliangua kicheko, mmoja akaacha ndoo ikamwagika. Rosa alifunga fedha zake kwenye pindo la kitenge, akakaza fundo kwa meno, akatoka bila kuaga.

Kwa kweli gari walikuwa nalo. Kitanga nzima ililijua, na ukisema "kule penye gari" hata mtoto angekupeleka. Lilikuwa Ford jeusi, la wazi, lenye paa la turubai lililobaki mifupa, na magurudumu membamba ya mbao yaliyovishwa mipira iliyokatwa kwenye tairi za lori na kukazwa kwa waya. Liliundwa Amerika kabla baba yake Nestori hajazaliwa. Baba huyo, marehemu Leonidasi, alikuwa dereva wa padri mmoja, na padri aliporudi kwao alimwachia gari kama kiinua mgongo. Leonidasi akamwachia Nestori. Nestori akamletea Rosa, siku ya kumposa, akidhani anamletea sifa.

Rosa alikaa nalo miaka yote hiyo chini ya banda la nyasi, kati ya migomba na choo. Kuku walitagia kwenye kiti cha nyuma mpaka panya wakakimaliza kiti chenyewe. Kila Pasaka Nestori aliweka petroli ya chupa mbili, likapigwa hendeli, likanguruma, likazunguka uwanja, watoto wakashangilia, likarudishwa bandani. Na siku zote zilizobaki Nestori alihadithia. Mwanamke huyu hakuwahi kufika Kigoma mjini, lakini aliijua Amerika ya zamani kuliko alivyoijua Kibondo: jinsi wakulima wa huko walivyouza farasi wakanunua magari, jinsi walivyoinua gurudumu la nyuma, wakavisha mkanda, wakasaga mahindi kwa gari hilohilo.

"Amerika wanasaga mahindi," Rosa alizoea kusema, "sisi letu linasaga mayai."

Basi harusi ilipokaribia, Rosa ndiye aliyemfuata Saady, mnunuzi wa chuma chakavu pale Kasulu. Alimwambia lile gari linamziba macho. Saady akatoa malipo ya awali, akaahidi kuja na lori Jumatatu baada ya harusi. Fedha hizohizo ndizo zilizokwenda kwa Hamis kukodi Noah. Nestori alipoambiwa hakugomba, hakusema hata "haya". Alichukua kitambaa akaenda kulifuta gari vumbi, akalifuta jioni nzima, na Rosa akaumia moyo kwa kuwa alikuwa amejiandaa kwa ugomvi na ugomvi haukuja.

*

"Noah imekwenda Nyarugusu," Rosa alimwambia mumewe alipofika nyumbani.

Nestori alikuwa anamenya muhogo. Akaacha kumenya. "Pole, mke wangu," alisema, na uso wake ulihuzunika vizuri kabisa, isipokuwa macho.

"Usicheke."

"Nani kacheka?"

"Macho yako yanacheka, Baba Ina. Nakujua."

"Nikwambie kitu?"

"Usiniambie. Na kabla hujasema, ujue kuna kuku wangu anaatamia mle ndani."

Ina, bibi harusi mwenyewe, alikuwa amekaa kizingitini na wadogo zake wawili wakimsuka, mmoja kulia na mmoja kushoto. Jina lake lilikuwa Ininahazwe, jina la bibi yake mzaa mama, lakini hakuna aliyekuwa na muda wa kulimaliza. Akauliza bila kugeuza kichwa, "Baba, litafika Nyakitonto?"

"Mwanangu, gari hili limevuka mito ambayo siku hizi haina hata maji."

"Sikuulizi lilikotoka. Nauliza litafika?"

"Litafika."

"Basi mimi nitalipanda. Nimejifunza kutembea nikilishikilia. Afadhali niitwe Ford kuliko kuitwa Bodaboda."

Wadogo zake wakacheka, na Rosa akaona kura zimekwisha kupigwa. Akaenda kumhamisha kuku.

*

Ijumaa banda la gari liligeuka kiwanda. Majirani waliokuja kusaidia kupika walijikuta wameshikishwa matambara na mafuta ya taa. Nestori alisimama katikati na fimbo, amevaa shati la kanisani, akawapanga: huyu gurudumu hili tu, yule waya tu, huyu kinyesi cha kuku, yule taa.

"Kila mtu kazi moja!" alisema. "Ndivyo walivyofanya Wamarekani. Zamani fundi mmoja alizunguka gari zima kama mwewe, wiki inakwisha hajamaliza. Ndipo wakagundua kuwa mtu asilifuate gari, gari limfuate mtu. Linavutwa na mnyororo, linapita mbele yako, unafunga skrubu yako, linakwenda kwa mwenzako."

"Na anayefunga skrubu hiyohiyo maisha yake yote, hachoki?" aliuliza mama mmoja aliyekuwa ameangukiwa na kazi ya kinyesi.

"Walichoka, wakawa wanaacha kazi. Tajiri akaona watamkimbia wote, akawapandishia mshahara. Bei ya gari nayo ikashuka kila mwaka. Ndipo mfunga skrubu naye akaweza kununua gari alilolifunga skrubu."

"Sisi utatupandishia nini?"

"Pilau."

"Basi tuongezee na nyama, maana haya mavi ni ya miaka mingi."

Kiti cha nyuma hakikuwapo tena, kwa hiyo walileta benchi kutoka kanisa la kigango, wakalifunga kwa kamba palepale kiti kilipokuwa, wakalitandika mkeka na kanga mpya. Hata Rosa alirudi nyuma hatua chache akalitazama gari, likiwa linang'aa na maua ya bogenvilia kwenye taa, akasema "Mh." Nestori aliisikia ile "mh" akaitunza.

Kisha yakaja yale ambayo wote walikuwa wameyasahau.

"Hendeli atapiga nani?" aliuliza Ina.

Gari hilo halikuwa na swichi ya kuwashia. Wamarekani waliibuni baadaye, baada ya watu wengi kuvunjika mikono. La kwao lilitaka mtu mbele, ainame, azungushe chuma, na mwingine kwenye usukani ashike kijiti cha kuwahisha au kuchelewesha cheche. Ukikosea, hendeli inarudi kwa hasira. Kifundo cha mkono cha Nestori kilipinda hivyohivyo, tangu ujana. Toka siku hiyo, kila Pasaka, aliyepiga hendeli alikuwa Rosa. Hakuna mwingine aliyejua.

Na kwa desturi ya pale kwao, mama wa bibi harusi haendi. Anamvalisha binti, anamwombea, anamsindikiza mpaka mwisho wa uwanja wake, halafu anarudi ndani na kubaki na vyombo vichafu. Rosa alikuwa amelia kwa ajili ya jambo hilo tangu Pasaka, usiku, mgongo ukiwa kwa mumewe, akidhani hasikiki.

"Utafika mpaka chini ya mlima," Nestori alisema taratibu. "Chini ya mlima bado si kwao. Hapo hujavunja kitu."

Rosa aliinama akaokota tambara. Hakutaka waone alivyofurahi.

*

Jumamosi Ford liliondoka Kitanga likitetemeka kama mgonjwa wa homa. Mbele walikaa Nestori na Rosa. Nyuma, kwenye benchi la kigango, alikaa Ina na shela lake, na msimamizi wake. Waliobaki walifuata kwa baiskeli, kwa pikipiki na kwa miguu, na wa miguu hawakuachwa sana. Njiani watu walitoka mashambani na majembe mabegani. "Mwakeye!" walisalimu kwa kelele. "Mwakeye!" Rosa akaitikia, akipunga mkono, akasahau kwamba alikuwa amelikataa gari lile miaka yote. Petroli ilinuka, vumbi lilipanda, moyo wake ulikuwa mweupe.

Chini ya mlima wa Nyakitonto walikuta wenyeji wakiwasubiri, kama ilivyo ada, na mbele yao shangazi wa bwana harusi. Niyibizi alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye fimbo asiyoiegemea. Alilizunguka gari. Aligonga bodi kwa fimbo. Wote wakangoja.

"Nilisema gari," alisema. "Hili ni gari?"

"Ni gari, shangazi," alijibu Nestori. "Lina magurudumu manne na limetoka Amerika."

"Limetoka lini?"

Watu wakacheka. Niyibizi naye alibana midomo ili asicheke. "Haya. Gari ni gari. Pandeni."

Hapo Nestori, badala ya kupanda, akazungusha usukani, akaligeuza gari, akalielekeza pua kule walikotoka. Wenyeji wakatazamana. Bwana harusi, Reverien, kijana mpole aliyekuwa anatoka jasho ndani ya suti ya kuazima, akauliza, "Baba, mbona mnarudi?"

"Haturudi. Tunapanda kinyumenyume." Nestori akapiga kiti chake kwa kiganja. "Tenki liko hapa chini yangu, na gari hili halina pampu. Petroli inateremka yenyewe kwenda kwenye injini, kama maji mferejini. Nikipanda na pua juu, injini inakuwa juu ya tenki, na mafuta hayapandi mlima. Nikipanda na mgongo, yanateremka vizuri. Wamarekani wa zamani walipanda hivyo milima yote, mpaka walipojifunza kuunda mengine."

"Na bibi harusi?" aliuliza Niyibizi.

"Bibi harusi amekaa."

"Amekaa akitazama wapi?"

Hapo kila mtu akaona. Ina alikuwa ameitazama Kitanga. Angepanda mlima mzima hivyo, mgongo kwa mume, uso kwa mama. Na hakuna mtu wa pande zile asiyejua kwamba bibi harusi hatazami nyuma akishatoka kwao. Akitazama, mguu wake hautulii, na siku ya ugomvi wa kwanza atafunga mzigo.

"Mimi sipokei mkwe anayetazama kwao," alisema Niyibizi, na sasa hakukuwa na kicheko sautini. "Ashuke, tumchukue kwa pikipiki."

Ina akainamisha kichwa chini ya shela. Injini ikazimika yenyewe, kana kwamba nayo imeona aibu. Rosa alimtazama mumewe, mzee mzima aliyevaa tai ya baba yake, akiwa ameshikilia usukani kwa mikono miwili. Akasikia hasira inampanda, na safari hii haikuwa hasira ya gari.

"Hatashuka mtu hapa," alisema. Akateremka, akaenda nyuma. "Ina, simama. Msimamizi, simama." Akachomoa kisu cha jikoni kilichokuwa kwenye kikapu cha zawadi, akakata kamba za benchi. Akalinyanyua upande mmoja. "Nishikieni! Mnatazama nini, hamjawahi kuona benchi?"

Wakalishika, wakaligeuza, wakalifunga upya. Ina akakaa tena. Sasa mgongo wake ulikuwa kwa baba yake, na mbele yake ulikuwapo mlima na mahali anapokwenda.

"Anatazama wapi, shangazi?" aliuliza Rosa, akihema.

Niyibizi alilitazama benchi, akautazama mlima, akamtazama Rosa kuanzia kilemba mpaka viatu vyenye vumbi. "Anatazama kwetu," alikiri. "Haya. Basi, mama wa bibi harusi, mwisho wako ni hapa. Asante kwa kutulelea."

Rosa akaitikia kwa kichwa. Alikuwa amejua. Akaenda mbele kupiga hendeli kwa mara ya mwisho.

"Aa, mama, acha," alisema kaka wa bwana harusi, kijana mwenye misuli, akikunja mikono ya shati. "Sisi tupo. Hatuwezi kuacha mama mkwe azungushe chuma."

"Dole gumba lako," Rosa alimwonya. "Usilizungushie. Liweke pamoja na vidole vingine."

"Nimeendesha mashine ya kusaga mimi," alisema kijana, akashika alivyozoea, akazungusha kwa nguvu zake zote. Hendeli ikarudi. Wote walisikia kishindo, na kijana akaruka akishika mkono chini ya kwapa, akizunguka palepale na kumtaja Mama Maria. Haukuvunjika, lakini ulivimba mbele ya macho yao.

"Mwingine?" aliuliza Nestori kwa adabu kubwa.

Hakutokea mwingine. Rosa alisogea, akafunga kitenge vizuri, akainama, akazungusha nusu mzunguko. Ford likakohoa, likanguruma.

Nestori alipaza sauti juu ya mngurumo. "Shangazi, mlima huu ni mrefu. Likizima katikati, atakayeliwasha ni nani? Tutabaki pale na bibi harusi wenu mpaka giza."

Niyibizi alimtazama kijana aliyevimba mkono, akamtazama Ina. Akavuta pumzi ndefu ya mtu anayekunja desturi aliyoirithi. "Basi apande. Lakini mguu wake usikanyage uwanja wetu. Abaki humohumo garini."

Rosa alipanda haraka, kabla neno halijabadilika.

Nestori alikanyaga pedeli ya katikati, akageuza shingo, gari likaanza kupanda na mgongo, polepole, watu wakiimba pande zote. Rosa alikaa akitazama mbele, yaani akiitazama Kitanga ikizidi kuwa ndogo: migomba, bati la kigango, moshi wa mahali alipokuwa ameacha vyungu. Nyuma yake alisikia shela la binti yake likipepea na kumgusa shingoni. Akaweka mkono begani kwake mwenyewe, akalishika lile shela, akalishikilia mpaka juu.

Uwanjani gari lilisimama na mgongo wake ukielekea nyumba, na vigelegele vikapasuka. Rosa alipiga magoti juu ya kiti cha mbele, akageukia nyuma, akaweka mikono juu ya egemeo kama mtoto dirishani. Alimwona Reverien akija kumpokea Ina. Alimwona Ina akishuka na mguu wa kulia, akikaribishwa, akiingia kivulini bila kugeuka hata mara moja. Aliona mambo ambayo mama yake hakuyaona, wala bibi yake. Alilia sana, wazi kabisa, na hakuona sababu ya kuficha.

Baadaye, watu walipokuwa wamezunguka mtungi wakinywa kwa mirija, Niyibizi alikuja mpaka garini. Mkononi alikuwa na kibuyu cha pombe ya ndizi na mirija miwili. Akauinua mguu wake mmoja, akaupima ule ubao wa kukanyagia, akapanda, akaketi kwenye kiti cha Nestori.

"Mimi sikuzaa msichana," alisema. "Lakini aliyeweka desturi hii, naona alikuwa mwanamume." Akampa Rosa mrija.

*

Jumatatu Saady alifika na lori na vijana wa kubeba. Alikuta gari limerudi bandani, maua yamenyauka kwenye taa, na kuku akilizunguka banda kwa uchungu, maana mlango ulikuwa umezibwa kwa ubao asirudi kuatamia. Nestori alikuwa amekaa kwenye gogo, hatazami mtu. Kitambaa chake kilikuwa gotini.

"Hodi, Mama Ina. Nimekuja kuchukua mzigo wetu."

Rosa alitoka jikoni akifuta mikono. Akashika pindo la kitenge, akafungua fundo kwa meno, akamkabidhi Saady fedha zake, zilezile, zimekunjwa vilevile.

Saady alizitazama. "Wallahi sielewi. Si ndiye wewe uliyenifuata dukani? Si ulisema linakuziba macho?"

"Nilisema."

"Sasa lina kazi gani? Harusi si imekwisha?"

Kule kizingitini wadogo wawili wa Ina walikuwa wanachambua maharage, wakivutana ungo na kubishana jambo lao. Rosa aliwatazama, mmoja, kisha mwingine.

"Nina wasichana wawili bado hawajaolewa," alisema. "Lori lako litanipeleka?"